Vitu vitatu, chupa moja: kwanini inatoka pete na sio uchafu tu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma kemia na ualimu hapa Moshi, mwaka wa tatu. Project yetu ni kutengeneza pete ya pirimidini (atomi 6 zilizoshikana duara, mbili zikiwa naitrojeni) kwa njia ya Biginelli, yaani benzaldehaidi, ethili asetoasetati na yurea zote kwenye chupa moja. Mwenzangu anasema ni kutupia tu na kuchemsha, pete inajitokea. Mimi inanisumbua, vitu vitatu vikichemshwa pamoja si vitashikana hovyo hovyo? Kwanini molekuli ijifunge iwe pete badala ya kuendelea kuwa mnyororo mrefu? Halafu maabara yetu yurea imeisha, ile ya mbolea dukani inafaa? Na je naweza kuweka thayoyurea badala yake?"

Marahaba mdogo wangu. Wasiwasi wako uko sahihi kabisa na natamani wanafunzi wengi zaidi wangekuwa nao, maana hii kemia ya chungu kimoja watu wanaisifia kwamba ni rahisi, kumbe urahisi uko kwenye mikono tu, kazi ya akili yote imefanyika kabla hujafungua hata chupa ya kwanza. Jibu fupi ni kwamba ndio, mle ndani vinashikana hovyo hovyo kweli, ila karibu kila muungano usioutaka unaweza kuachia ukarudi ulikotoka, na njia moja tu ndo inaishia mahali ambapo hakuna kurudi. Ukivipa muda, joto na asidi kidogo, vingi vinaishia huko. Sasa twende taratibu, chukua kalamu kabisa.

Yurea ina naitrojeni mbili na katikati yao kaboni moja. Benzaldehaidi ina kaboni moja yenye njaa ya elektroni, ile iliyoshikana na oksijeni. Asetoasetati ina kaboni iliyobanwa katikati ya kabonili mbili (kabonili ni kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili), hiyo iko tayari kutoa elektroni, na jirani yake kabisa iko kaboni ya ketoni ambayo nayo ina njaa. Asidi ikiingia, naitrojeni moja ya yurea inaishika kaboni ya aldehaidi, maji yanatoka, inabaki ioni kali sana ambayo haikai muda mrefu, inakamatwa na ile kaboni ya katikati ya asetoasetati. Hapo una mnyororo ulio wazi, na huo mnyororo ndo siri yenyewe, uchore alafu uangalie ncha zake. Ncha moja kuna naitrojeni ya pili ya yurea haijafanya kazi yoyote mpaka sasa, ncha nyingine kuna ile ketoni haijaguswa. Hesabu atomi: naitrojeni, kaboni, naitrojeni za yurea hizo 3, kaboni ya aldehaidi ya 4, kaboni ya katikati ya asetoasetati ya 5, kaboni ya ketoni ya 6. Naitrojeni iliyobaki ikiishika ketoni, pete ya atomi 6 imefungwa, maji ya pili yanatoka, na pale yalipotoka inabaki bondi mbili kati ya kaboni ya 5 na ya 6.

Hakiki kwa uzito wa molekuli. Benzaldehaidi ni 106, asetoasetati 130, yurea 60, jumla 296. Unachokitafuta kina uzito wa 260. Tofauti ni 36, yaani maji mawili, hakuna kingine kilichotupwa. Asilimia 88 ya uzito ulioweka inakuwa bidhaa, na taka yenyewe ni maji. Kwa maabara zetu huku Arusha na Moshi ambako kila lita ya kiyeyushi inaagizwa kwa bei, na namna ya kuharibu taka za kemikali ni shida tupu, mimi naona hiyo ndo sababu kubwa ya kujifunza kemia ya namna hii.

Pietro Biginelli aliitoa hii kule Italia mwaka 1891. Watu wameitumia zaidi ya miaka 100 huku wanabishana nani anaanza kumshika nani, mpaka C. Oliver Kappe mwaka 1997 akaonyesha kwa NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha atomi zimeungana vipi, kwamba aldehaidi na yurea ndo wanaanza. Nakwambia kwasababu kwenye vitabu vya zamani utakuta mchoro unaoanza na aldehaidi na asetoasetati, sasa ukinakili huo kwenye ripoti na msimamizi wako anasoma vitu vipya atakuuliza.

Sasa kuhusu hovyo hovyo. Mle ndani aldehaidi moja inaweza ikashikwa na yurea mbili badala ya moja. Inatokea kweli, na imejulikana tangu miaka ya 1930. Lakini kwenye asidi ya moto hiyo molekuli inaachia yurea moja na kurudi njiani, kwahiyo sio hasara, ni kama imepaki pembeni tu. Ndo maana hata ukizidisha yurea mara moja na nusu hakuna kinachoharibika, tena inasaidia. Kinachoweza kukuharibia ni kile kisichorudi, mfano asidi ikiwa nyingi mno na moto mkali unaanza kuvunja esta (ile kabonili nyingine ya asetoasetati, iliyobeba ethili) na yurea yenyewe, chupa inageuka kahawia nzito. Kwahiyo asidi ni matone, usimimine. Hapa wengi wanadhani kichocheo kikizidi kazi inaenda chap, hapana, kikizidi unafungua milango mingine ambayo hukuitaka.

Swali lako la mnyororo ndo zuri kuliko yote. Kwanini ile naitrojeni ya mwisho iishike ketoni ya mnyororo wake yenyewe na sio ketoni ya molekuli jirani, halafu jirani naye amshike mwingine, mpaka iwe polima? Fikiria watu wamebanana stendi kuu Arusha saa 12 asubuhi, kila mtu ameambiwa ashike mkono wowote ulio karibu. Wengi watashika mkono wa jirani. Ila mtu ambaye mikono yake miwili tayari iko mbele ya kifua, vidole karibu vinagusana, atashika wa kwake kabla hajamfikia mtu yeyote, hata kama stendi imejaa. Mnyororo wa atomi 6 ndo uko hivyo, ncha zake zinakutana zenyewe kila mara kwasababu mnyororo ni mfupi na unajikunja. Jirani lazima aogelee kwenye kiyeyushi, afike, aelekee upande sahihi. Anachelewa.

Na hii sio maneno tu, imepimwa. Illuminati na Mandolini, nao Waitaliano, mwaka 1981 waliweka pamoja vipimo vya kasi ya kufunga pete za esta za ukubwa tofauti, molekuli za aina moja kinachobadilika ni urefu wa mnyororo. Wakichukua pete ya atomi 8 kuwa ni 1, pete ya 5 inafunga kama mara milioni 1.5 zaidi, pete ya 6 kama mara 17,000, pete ya 7 karibu mara 97, na pete ya 3 kama mara 22 tu. Angalia hizo namba vizuri. Pete ya 3 ncha zake ziko karibu kuliko zote, ila pembe ya nyuzi 60 inaibana kaboni ambayo inapenda 109 na kidogo, kwahiyo inafunga kwa shida. Pete ya 8 mpaka 11 shida yake ni nyingine, haidrojeni za upande huu zinagongana na za upande ule ndani ya pete. Katikati, 5 na 6, ndo mahali ambapo ukaribu upo na mbano haupo au ni mdogo. Ndo maana ukifungua orodha ya njia za chungu kimoja zenye majina ya watu, Paal na Knorr 1884 pete ya 5, Hantzsch 1881 pete ya 6, Biginelli pete ya 6, Diels na Alder 1928 pete ya 6, utaona zinarudia namba hizo hizo mbili. Hata sukari ya TPC unayoweka kwenye chai, nusu yake ni glukosi iliyojifunga pete ya 6 na nusu ni fruktosi iliyojifunga pete ya 5. Na glukosi ukiiyeyusha peke yake kwenye maji, zaidi ya asilimia 99 ya molekuli zake ziko kwenye pete muda wowote, bila mtu kuchemsha wala kuweka kichocheo.

Hapo kuna kitu kimoja nataka ukishike sana. Glukosi inajifunga na kujifungua, inajifunga na kujifungua. Kufunga pete haraka haitoshi, lazima pete ikishafunga kuwe na kitu cha kuizuia isifunguke. Kwenye Biginelli ni maji ya pili kutoka na ile bondi mbili kutulia karibu na kabonili ya esta, inakuwa imara. Alafu juu yake bidhaa haiyeyuki vizuri kwenye ethanoli baridi, inaanguka kama fuwele nyeupe, na kilichoanguka kimeshatoka kwenye mchezo.

Mfano mkubwa kabisa wa hilo ni wa Robert Robinson mwaka 1917, na mimi kila nikiufundisha nausimulia wote maana naupenda. Kuna molekuli inaitwa tropinoni, pete mbili zimeunganishwa na daraja la naitrojeni, ni ndugu wa karibu wa atropini. Atropini unaijua hata kama hujui jina, ndo wanayochomwa watu waliokunywa au kuvuta sumu za shambani za jamii ya oganofosfeti. Richard Willstätter alikuwa ameshaitengeneza tropinoni mwaka 1901, kazi ya heshima kubwa, lakini hatua zilikuwa nyingi sana na mavuno ya mwisho hayakufika hata asilimia 1. Robinson akaiangalia molekuli, akaikata kichwani, akaona vipande vitatu tu: aldehaidi yenye ncha mbili ya kaboni 4, methilamini, na asidi ya asetoni yenye kaboksili mbili, yaani vikundi viwili vya COOH. Akaviweka kwenye maji, joto la kawaida la chumba. Mavuno asilimia 42, na baadaye Clemens Schöpf alivyodhibiti pH vizuri yakapita 90.

Tena kwanini hakutumia asetoni ya kawaida ambayo ni rahisi zaidi? Alijaribu, inatoa, ila kidogo. Zile kaboksili mbili zinafanya kazi mbili, kwanza zinafanya kaboni za pembeni ziwe tayari zaidi kutoa elektroni, pili mwishoni zinatoka kama kabonidayoksaidi, gesi inapanda inaondoka, na gesi iliyoondoka hairudi kufungua pete. Unaona huyu mtu alivyowaza? Alichagua kipande chenye uzito ambao atautupa baadaye, kwa makusudi, ili njia iwe ya kwenda tu. Ukiniuliza ustadi wa chungu kimoja uko wapi nitakuonyesha hapo.

Hantzsch nitapita haraka: aldehaidi moja, asetoasetati mbili, amonia moja, maji matatu yanatoka, pete ya 6 yenye naitrojeni. Nifedipini, dawa ya presha, mifupa yake ni hiyo hiyo. Ukimaliza project yako jaribu kuichora mwenyewe bila kuangalia kitabu, ukiweza ujue umeelewa.

Ila usitoke hapa ukiamini kila pete inapatikana hivi. Erithromaisini ya duka la dawa ina pete ya atomi 14, mnyororo wake ukiwa wazi ncha ziko mbali mno, jirani ndo anawahi. Kwa pete kubwa wanakemia wanazimua sana, wanadondoshea taratibu kwenye kiyeyushi kingi ili kila molekuli iwe peke yake, na hiyo inakula lita na lita za kiyeyushi, faida yote niliyokusifia pale juu inaondoka. Pia kuna hatua zisizoelewana, moja inataka asidi nyingine inataka besi, ukiziweka pamoja zinauana na unabaki na chumvi. Hapo unaweza kuzifuatanisha kwenye chupa ile ile, ya kwanza iishe ndo uongeze cha pili, hiyo nayo ni chungu kimoja halali. Mimi lakini naamini kitu kimoja na nitakisema wazi: njia ya chungu kimoja inayotoa asilimia 12 halafu unakaa siku mbili unasafisha kwenye safu ya silika (bomba la unga unaotenganisha vitu kimoja kimoja), hiyo haijaokoa chochote, afadhali hatua mbili safi. Hata Biginelli ya asili kwa aldehaidi ngumu mavuno yake yalikuwa 20 mpaka 50, sema kwa benzaldehaidi ya kawaida inafanya vizuri.

Yurea ya mbolea sasa. Angalia mfuko, umeandikwa N asilimia 46. Yurea safi kabisa ina naitrojeni asilimia 46.6. Gawanya, unapata karibu 98.7, kwahiyo mfuko wenyewe umeshakwambia usafi wake, sio mbaya hata kidogo. Kilichobaki ni unyevu, bayureti kidogo ambayo inatokea yurea ikipashwa kiwandani, na viwanda vingi vinaongeza formaldehaidi kidogo ili chembe zisigandamane. Hiyo formaldehaidi ndo inanifanya nikwambie usiitumie ilivyo, maana nayo ni aldehaidi, itataka kuingia kwenye pete mahali pa benzaldehaidi. Yeyusha chembe kwenye ethanoli ya moto, chuja ikiwa bado moto kama kuna vumbi, acha ipoe taratibu, fuwele ndefu nyeupe zitatoka, chuja, kausha vizuri. Pima joto la kuyeyukia, ikiwa karibu na nyuzi 133 endelea nayo bila wasiwasi. Na uhakikishe ni yurea, sio mbolea nyingine kama CAN wala SA, ukikosea mfuko umepoteza wiki.

Kitu ambacho hukuuliza lakini kinaangusha wengi kuliko yurea ni benzaldehaidi. Ikikaa muda kwenye chupa iliyofunguliwa inakula oksijeni ya hewa na kugeuka asidi ya benzoiki. Ukiona fuwele nyeupe shingoni mwa chupa ndo hiyo. Ioshe kwanza kwa myeyusho wa sodiamu kabonati, tenganisha, kausha, na ikiwezekana itoneshe upya, yaani ichemshe ukusanye mvuke wake uliopoa. La sivyo utachuja fuwele nyeupe nzuri, utafurahi, kumbe ni asidi ya benzoiki inayeyuka kwenye 122. Bidhaa yako halisi inayeyuka kati ya 202 na 204. Hiyo tofauti ya nyuzi 80 inaonekana hata kwa kipimo cha joto cha kawaida, kwahiyo usiandike matokeo bila kupima.

Kwa vipimo chukua benzaldehaidi gramu 1.06, asetoasetati 1.30, yurea 0.90, ethanoli mililita 10, asidi haidrokloriki kali matone machache. Chemsha ukiwa umeweka kondensa (bomba la kupoza mvuke urudi chupani), kwenye hita ya umeme au bafu la maji, usiwashe kabisa moto wa wazi karibu na ethanoli, na msimamizi awepo. Jambo la kwetu huku mlimani: ethanoli inachemka nyuzi 78 usawa wa bahari, Moshi itachemka kwenye 76 hivi, Arusha mjini tuko kama mita 1,400 inakuwa karibu 75. Maelekezo ya vitabu yameandikwa na watu wa chini, kwahiyo wakisema masaa 3 wewe usizime kwa saa, fuatilia kwa TLC, lile bamba dogo ambalo kila kitu kinapanda na kuacha doa lake, mpaka doa la aldehaidi liishe. Poza, weka kwenye barafu, chuja, osha kwa maji baridi ili yurea iliyozidi iondoke, alafu ethanoli baridi kidogo sana. Ikitoka yote ungepata gramu 2.60. Ukipata 1.8 hiyo ni asilimia 69, na kwa mara ya kwanza hiyo ni kazi nzuri.

Thayoyurea inawezekana, pete inafunga kwa njia ile ile ila oksijeni moja inakuwa salfa. Mwaka 1999 ilitangazwa molekuli ya namna hiyo inaitwa monastroli, inatoka kwa thayoyurea na benzaldehaidi yenye haidroksili nafasi ya 3, inazuia mota moja ya protini ambayo seli inaihitaji ili igawanyike, na watafiti wa saratani waliifuatilia sana. Lakini thayoyurea inashukiwa kusababisha saratani, kwahiyo glavu, chemba ya hewa inayovuta mvuke nje, na maji ya kuoshea usimwage kwenye sinki, yakusanye kwenye chupa ya taka yenye lebo. Kama maabara yenu haina chemba ya hewa inayofanya kazi baki na yurea. Kama ipo, fanya ya yurea kwanza mpaka upate 202 yako, ndo uhamie kwenye salfa, na huko joto la kuyeyukia lisikutoshe peke yake maana hizo bidhaa mbili zinayeyuka karibu karibu, ziweke zote mbili kwenye bamba moja la TLC uone madoa yamesimama wapi.